Mimi yupi anayetakiwa kuondoka?

Si ajabu siku hizi kumkuta kijana wa Soweto au Iyunga, hapa Mbeya, akiwa na video kwenye simu: mwalimu wa ng'ambo anasema taratibu kwamba "mimi" ni dhana tu, kwamba wewe na ulimwengu hamjawahi kuwa wawili. Kijana anamrushia rafiki yake. Rafiki anajibu kwamba hayo mchungaji anayasema kila Jumapili: jishushe, acha majivuno, jikane. Wa tatu anasikiliza na kutikisa kichwa. Kwake hayo ni ya kipepo, maana binadamu akishaanza kujiita Mungu amepotea. Wanabishana mpaka chai inapoa, na kila mmoja anaondoka na lake.

Kwa maoni yangu hawa watatu hawapingani. Wanazungumzia vitu vitatu tofauti, na vyote vitatu wanaviita "mimi".

Kuna mimi mwenye jina na ukoo, mwenye namba ya NIDA, mkopo wa VICOBA na watoto wa kusomesha. Huyo ni mtu, na jamii inamjua. Kuna mimi wa majivuno, anayenuna asipotajwa kwenye shukrani za harusi, anayetaka kiti cha mbele hata msibani. Halafu kuna wa tatu, ambaye ni vigumu kumwona kwa jinsi alivyo karibu. Ni ile hisia kwamba humu ndani, nyuma ya macho, amekaa mmoja anayetazama nje. Yeye ndiye mwenye mawazo, yeye ndiye anayeuendesha mwili, na vingine vyote viko kule, mbali naye.

Mchungaji anapohubiri anamlenga wa pili. Anayeogopa mapepo anadhani wa kwanza anafutwa, au anapandishwa cheo awe Mungu. Mafundisho ya kutokuwa wawili, ambayo Wahindi huyaita Advaita, yanamhusu wa tatu. Ndiyo maana mama mnyenyekevu kabisa, anayefagia kanisa miaka yote bila kudai senti, anaweza kuwa amemshinda wa pili na bado akaishi na wa tatu hadi kaburini, kama tunavyoishi naye wengi wetu. Si dhambi yake. Hajawahi kuambiwa kwamba hilo nalo ni jambo la kutazamwa.

Chimbuko la zamani tunalolijua vizuri la mafundisho hayo ni Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu ya India. Katika mojawapo, Chandogya, kijana Shvetaketu anarudi nyumbani baada ya miaka 12 ya masomo, kichwa kimemjaa. Baba yake, Uddalaka, anamuuliza kama alifundishwa kile ambacho ukikijua, umejua na vingine vyote. Hakufundishwa. Baba anamchukua hatua kwa hatua, na mara 9 anamrudishia sentensi ileile: wewe ndiwe Hicho, yaani kile kilicho kiini cha vyote. Hamwambii mwanawe kwamba ni mkubwa. Kijana alikwisha kujiona mkubwa, na hicho ndicho kilichokuwa kinamzuia asisikie.

Karne nyingi baadaye, takribani karne ya 8, mwanafalsafa wa India, Shankara, aliyapanga mafundisho hayo yakawa mfumo wa hoja. Mfano wake maarufu anauelewa kila aliyewahi kurudi shambani giza likiingia. Unapita kwenye njia katikati ya mahindi, mbele yako kuna nyoka amejikunja. Moyo unalipuka, unarudi nyuma, unaokota jiwe. Mwenzako anamulika tochi: ni kamba ya kufungia ng'ombe. Sasa angalia kilichotokea. Nyoka hakuuawa wala hakukimbia. Hakuwepo tangu mwanzo, ingawa moyo ulidunda kweli na jasho lilikutoka kweli. Kamba nayo haikubadilika hata kidogo.

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Wanasikia "ua nafsi", wanaanza vita: kufunga kupita kiasi, kujichukia, kujilaumu kila wazo la "mimi" linapoinuka. Lakini kumpiga mawe nyoka asiyekuwepo ni kuendelea kumwamini. Mafundisho haya hayakutumi kupigana, yanakutuma ukatazame. Hata hivyo Shankara hakusema kwamba mwenendo hauna maana. Aliweka masharti kwa mwanafunzi: awe na utambuzi wa kinachodumu na kisichodumu, asiwe mtumwa wa starehe, awe na utulivu, kiasi, uvumilivu na imani, na awe na kiu ya kweli ya kuwa huru. Kwa maneno mengine, yule mimi wa majivuno lazima apunguziwe kelele kwanza, la sivyo macho hayatulii. Mahubiri ya Jumapili na uchunguzi huu havigombani. Kimoja kinamwandalia mwenzake njia.

Kwa hiyo unatazama vipi? Simulizi ninayoiona kuwa na msaada kuliko nyingine ni ya mwaka 1896, katika mji wa Madurai, kusini mwa India. Kijana wa miaka 16, jina lake Venkataraman, alikuwa peke yake katika chumba cha juu nyumbani kwa ndugu wa baba yake. Hakuwa mgonjwa. Ghafla akashikwa na hofu kwamba anakufa. Hakumwita mtu wala daktari. Akajilaza, akanyoosha mikono na miguu kama maiti, akafunga midomo, akajiuliza: mwili huu ukishabebwa na kuchomwa, je, mimi nitakuwa nimekufa? Alichokigundua pale hakikumtoka tena. Baada ya wiki chache aliondoka nyumbani, akaenda Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, na hakuondoka hapo mpaka alipofariki tarehe 14 Aprili 1950. Dunia inamjua kama Ramana Maharshi.

Njia aliyoifundisha haina vifaa. Wazo likija, uliza limemjia nani. Jibu ni "mimi". Basi uliza: mimi ni nani? Swali hili halijibiwi kwa maneno, wala si la kurudiarudia kama wimbo. Kazi yake ni kugeuza macho yaangalie wazo lilikotoka.

Jaribu ukiwa Uyole, asubuhi ya Julai, unasubiri Coaster ya Tukuyu. Konda anaita "Tukuyu, Kyela!" Bajaji inapiga honi. Mama anapanga parachichi juu ya salfeti, tatu chini na moja juu, vidole vyake vimekuwa vigumu kwa baridi. Sauti ya konda inasikika, hilo halina ubishi. Sasa mtafute anayesikia. Usimfikirie, mtafute. Utakuta baridi kwenye pua. Utakuta mkazo kidogo nyuma ya macho, mahali ambapo siku zote umedhani unakaa. Utakuta wazo linalosema "ni mimi hapa, nasubiri gari." Lakini baridi unaijua, mkazo unaujua, hata wazo lile limepita mbele yako kama lilivyopita la kununua parachichi. Kila unachokishika na kusema "huyu ndiye mimi" kinageuka kuwa kitu kingine kinachojulikana. Tafuta pia ule mstari: sauti inaishia wapi na kusikia kunaanzia wapi? Ukiwa mkweli, huuoni. Kuna kusikika tu, kusikogawanyika, bila kipande cha nje na kipande cha ndani.

Inaweza kudumu kwa pumzi moja, kisha unawaza kama konda atakuongezea nauli, na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Si kitu. Umetazama.

Wala huhitaji kuwa Mhindu kukutana na jambo hili. Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliandika mwaka 1739 kwamba kila alipoingia ndani ya kile anachokiita nafsi yake alijikwaa kwenye hisia fulani tu: joto au baridi, mwanga au kivuli, upendo au chuki. Mwenye hisia hizo hakumkuta kamwe. Fikra hizo zilipomlemea, anasema, alikwenda kula na kucheza na rafiki zake.

Wanaofika hapo, kila mmoja anageukia upande wake. Hili walimu wa kwenye video hulipitia haraka mno. Shankara anasema kinachobaki mmiliki asipopatikana ni ufahamu wenyewe, mmoja, usio wangu wala wako. Wabuddha wanasema usiugeuze ufahamu huo nao ukawa kitu cha kushikilia. Buddha alifundisha kwamba hakuna chochote katika mwili, hisia au fikra kinachostahili kuitwa "hiki ni changu, hiki ndicho mimi", na hakuweka Nafsi kuu mahali pa ile ndogo. Huko huko India, Ramanuja alimpinga Shankara vikali: viumbe ni kweli wamo ndani ya Mungu, lakini hawayeyuki, na upendo kati yao na Mungu hauna mwisho. Madhva, katika karne ya 13, akaenda mbali zaidi akasema Mungu na nafsi ni wawili kabisa. Anayekwambia kwamba "watu wa Mashariki wote wanaamini sisi ni Mungu" hajawasoma.

Kwa Waislamu mjadala huu nao ni wa zamani, na nchi yetu yenye zawiya za Qadiriyya na Shadhiliyya, vituo vya jumuiya za Kisufi, tangu enzi za mababu si mgeni nao. Masufi, Waislamu wanaofuata njia ya kiroho ya ndani, huzungumzia fanaa, kutoweka kwa mja mbele ya Mola wake, na baada yake baqaa, kubaki kwa Mola. Mmoja wao, Hallaj, aliuawa Baghdad mwaka 922, na maneno anayokumbukwa nayo ni "Mimi ndiye Haki", Haki likiwa jina mojawapo la Mwenyezi Mungu. Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kufariki Damascus mwaka 1240, alifundisha kwamba kuwepo kwa kweli ni kwa Mungu peke yake, na viumbe vyote ni udhihirisho wake. Baadaye Ahmad Sirhindi wa India, aliyefariki mwaka 1624, akajibu kwamba umoja huo ni wa kuona, si wa kuwa. Mja aliyezama huona Mmoja tu, kama ambavyo nyota hazionekani jua likiwa juu, lakini nyota zipo. Jibu hilo ni zito, na linastahili heshima hata kwa asiyekubaliana nalo.

Wakristo nao wana ya kwao. Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba ndani ya Mungu tunaishi, tunakwenda na kuwa na uhai wetu, na Wagalatia akawaandikia kwamba si yeye tena anayeishi, bali Kristo anaishi ndani yake. Mtawa wa Kijerumani, Meister Eckhart, alisema jicho ambalo analitumia kumwona Mungu ndilo jicho ambalo Mungu analitumia kumwona yeye. Mwaka 1329, Eckhart akiwa amekwisha kufa, Papa Yohane wa 22 alitoa hati kuhusu kauli 28 zilizohusishwa naye, nyingine akazitaja kuwa za uzushi, nyingine za kutiliwa shaka. Kanisa lililinda jambo la msingi: Muumba si kiumbe. Mchungaji wa Kimoraviani kule Rungwe, ambako kazi yao ilianza mwaka 1891, au padri wa Tosamaganga, akikwambia leo kwamba muungano na Mungu ni wa upendo, na upendo unahitaji wawili, hajaonyesha ushamba wala woga. Anashikilia msimamo ambao Ramanuja na Sirhindi wangeuelewa mara moja. Sipendi kusikia kwamba dini zote zinasema kitu kimoja. Zote zimefika kwenye mlango huu, lakini hazikubaliani kuhusu kilicho ng'ambo yake.

Sayansi ya ubongo inaweza kutusaidia kidogo, na ni vizuri tuipe kipimo chake. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walichapisha jaribio rahisi. Mtu anaweka mkono wake nyuma ya kizuizi asiuone, mbele yake unawekwa mkono wa mpira, kisha mikono yote miwili inasuguliwa kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi wengi wanahisi mguso uko kwenye mkono wa mpira, na wanauona kama mkono wao wenyewe. Maana yake mpaka wa "mwili wangu" unajengwa na ubongo kila wakati kwa taarifa unazopata, na unaweza kuhamishwa. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake walieleza mtandao wa sehemu za ubongo zinazofanya kazi zaidi mtu asipokuwa na shughuli maalumu. Baadaye mtandao huo ulihusishwa na kuwazawaza na kujifikiria, na mwaka 2011 Judson Brewer na wenzake waliripoti kwamba kwa watu wenye uzoefu mrefu wa kutafakari, sehemu zake kuu zilikuwa tulivu zaidi. Hayo yanaonyesha kwamba hisia ya kuwa mimi niliyejitenga inatengenezwa. Hayaonyeshi kwamba ulimwengu wote ni ufahamu mmoja. Mtu akikuambia maabara imethibitisha Advaita, anakuongezea chumvi.

Sasa turudi nyumbani, maana swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: Waafrika si tulikuwa tunayajua haya siku zote? John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba mtu wa kwetu anaweza kusema: niko kwa sababu tuko, na kwa kuwa tuko, basi niko. Nenda kwenye msiba Rungwe utaiona sentensi hiyo ikitembea. Wanawake wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani na mafungu ya kuni, wanaume wanalala nje na mfiwa, siku kadhaa shamba linasubiri, na hakuna aliyetumiwa kadi ya mwaliko. Msiba si wa mtu mmoja.

Lakini utu wa namna hiyo na kutokuwa wawili si kitu kimoja. Utu unasema tunatengenezana: bila wewe mimi sikamiliki. Bado tuko wengi, kila mmoja na sura yake. Kutokuwa wawili kunauliza swali jingine, la yule anayejua hayo yote. Naamini utu unamrahisishia mtu wa huku mwanzo wa safari, kwa sababu hakulelewa akiamini kwamba yeye ni kisiwa. Ila kuna mtego. Ule mstari wa "mimi huku, wengine kule" unaweza kusogezwa tu, usifutike. Mimi inakuwa sisi: sisi Wanyakyusa, sisi Wahehe, sisi wa dhehebu letu, sisi wa ukoo huu wenye shamba hili. Mtu anaweza kuwa mpole kabisa kwa nafsi yake na mkali kama wembe kwa ajili ya "sisi". Hofu ni ileile, na nyoka ni yuleyule, amenenepa tu.

Kuna hatari mbili ambazo mwalimu asipozitaja siwezi kumwamini.

Ya kwanza ni kuchanganya ngazi. Shankara alitofautisha ukweli wa juu kabisa na ukweli wa maisha ya kila siku, na Nagarjuna, Mbuddha wa karibu karne ya 2, alionya kwamba bila kusimama kwenye ukweli wa kila siku ule wa juu haufundishiki. Kwa hiyo deni la VICOBA linalipwa. Mume aliyempiga mkewe hawezi kusema "hakuna mpigaji wala mpigwa". Kiongozi wa kiroho aliyemdhulumu mfuasi, halafu akamwambia kwamba anayeumia ni "ego" yake tu, yaani umimi wake, amefanya uovu mara mbili, na wa kuambiwa ni ndugu na polisi. Yule mimi wa kwanza, mwenye jina na haki zake, hakuwahi kutakiwa aondoke.

Ya pili ni ya afya. Kuna hali ambapo mtu anajihisi hayupo, anajitazama kama yuko mbali, dunia inaonekana kama picha, watu kama vivuli. Inaweza kuja baada ya msiba mzito, ukatili, kukosa usingizi au bangi. Kwa maneno inafanana na "hakuna mimi", lakini ndani kuna hofu na ganzi. Mtu anashindwa kufanya kazi, anashindwa kuwapenda watoto wake. Huyo asiambiwe akazane kutafakari, wala asipongezwe kwamba ameamka. Aache mazoezi hayo, alale, ale, akae na watu wake, aende hospitali akaonane na wahudumu wa afya ya akili. Anayeona vizuri huwa karibu zaidi na wengine na ana huruma zaidi. Ukiona anapoa na kujitenga, jua mambo yamekwenda kombo.

Na kuona huku hakuondoi maumivu. Ramana mwenyewe aliota uvimbe wa saratani mkononi, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na mwili wake uliuma kama unavyouma wa mtu yeyote.

Ukitaka kuanza, usingoje utulivu. Anza siku uliyotukanwa kwenye kikao cha ukoo kuhusu urithi, kwa sababu hapo "mimi" anajitokeza waziwazi. Kifua kinapata moto, shingo inakaza, wazo linapiga kelele: amenidharau! Tenganisha. Jina lako limeguswa, hilo ni kweli na linaweza kujibiwa. Majivuno yamechomwa, hilo nalo unalijua. Kisha mtafute yule wa tatu, aliyekaa ndani na kupigwa na neno lile. Moto wa kifua unaonekana, wazo linaonekana. Yeye yuko wapi? Huenda hasira ikalegea, huenda isilegee. Kwa vyovyote vile wasemee wajane na yatima wa ukoo haki yao, kwa sauti ya kawaida, na kama una sala zako za jioni, zisali kama kawaida.